Ndanu na Ukurasa wa Fundi Waweru

Ndanu Makau alijua kufungua cherehani kabla hajajua kushona. Kwa miaka kumi na sita alikuwa fundi wa mashini katika kiwanda kimoja cha nguo huko Ruiru, mwanamke pekee katikati ya mafundi tisa, na bisibisi yake ndogo alikuwa akiichomeka kwenye nywele ili mikono ibaki huru. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengine walirudi mashambani, wengine wakaingia biashara ya mitumba. Yeye alikodi chumba kimoja katika mtaa wa Kimbo, hapo hapo Ruiru, hatua chache kutoka steji ya matatu, akaandika juu ya mlango kwa rangi ya bluu: TUNATENGENEZA CHEREHANI.

Kazi haikukosekana, ila ilikuwa kazi ya Kimbo tu. Waliomjua ni wale waliopita mbele ya mlango. Ndanu alijua kwamba Kiambu nzima ilikuwa na washonaji waliokuwa wakibeba mashini zao mpaka Nairobi kwa kasoro ambayo yeye angeitibu chai ikiwa bado haijapoa. Jambo hilo lilimkera. Binti yake Lynn, aliyekuwa akisoma chuo Eldoret, ndiye aliyemfungua macho.

"Mum, watu siku hizi hawaulizi jirani," alimwambia kwa simu. "Wanauliza Google."

Basi Ndanu akaenda Thika kumwona Githae. Huyu alikuwa mwanamume wa miaka karibu arobaini, mwenye duka la kompyuta na fotokopi, na alijulikana mjini kwa kutengenezea watu tovuti. Mkewe alikuwa akishona sare za shule, na cherehani yake ilikuwa imepita mikononi mwa Ndanu mara mbili. Kwa hiyo Githae hakumchukulia kama mteja wa barabarani. Kwa wiki moja alimtengenezea tovuti safi, yenye picha za kazi yake, namba ya simu na ramani ya kufika Kimbo.

"Sasa niko kwa Google?" Ndanu aliuliza.

"Uko, Mama Lynn. Uko ukurasa wa sita."

"Wa sita ndio wapi?"

Githae alikuna kidevu. "Ni mahali hakuna mtu amewahi kufika."

Akamweleza. Tovuti yake ilikuwa nzuri lakini hakuna tovuti nyingine iliyoitaja. Wengine wakiweka linki, yale maandishi ambayo mtu akiyabonyeza anapelekwa moja kwa moja kwako, Google inaona kwamba kuna watu wanaokujua. Wakiwa watu wa kuaminika, inakupandisha juu.

"Ni kama barua ya kuhama kanisa," Ndanu alisema baada ya kufikiri. "Pasta mpya hanijui, lakini anamjua aliyeniandikia."

"Hapo sasa."

Tatizo lilikuwa ni nani wa kumwandikia. Ndanu hakuwa mtu wa kusubiri, na siku chache baadaye alipokea ujumbe kwenye simu kutoka kwa mtu aliyejiita mtaalamu, akiahidi linki mia tano kwa siku tatu. Hakumwambia Githae. Alituma pesa, akalala akiwa na furaha. Linki zilikuja kweli. Zilitoka kwenye tovuti za kamari, za dawa ya kurefusha nywele, na moja ya lugha ambayo hakuna mtu Kimbo nzima angeweza kuisoma. Mwezi ulipoisha alijitafuta kwenye simu akafungua kurasa mpaka kidole kikachoka. Hakujiona hata kwenye ile ya sita.

Alirudi kwa Githae ameinamisha kichwa. Githae alitazama orodha, akaanza kucheka, kisha akajizuia alipoona uso wake.

"Mama Lynn, hizi barua zako za kanisa umeandikiwa na matapeli."

"Nimeshajua. Niambie dawa yake."

Walikaa Jumamosi nzima wakiandika orodha ya tovuti hizo mbovu, wakaituma Google ili zisihesabiwe. Kisha Ndanu akaanza upya, kwa mkono wake. Aliandika barua pepe thelathini kwa shule za ufundi, vikundi vya washonaji na maduka ya vitambaa, akiwaomba wamtaje. Alijibiwa mbili. Moja ilikuwa ile inayojituma yenyewe, ikisema ofisi imefungwa kwa likizo. Ya pili ilimuuliza kama anatengeneza pia mashini za kukata nyasi.

"Unaomba bila kuleta kitu," Githae alimwambia. "Hebu kaa hapa. Kuna njia nyingine. Tunatafuta linki zilizokufa."

Alimweleza kwamba mtandao umejaa njia zinazoelekea mahali palipobomoka. Mtu aliweka linki zamani, ule ukurasa ukaondolewa, na mwenye kuweka hajui. Ukimwambia kwa upole kwamba linki yake imekufa, na wewe una ukurasa mzuri unaoweza kuchukua nafasi hiyo, mara nyingi anashukuru na kuibadilisha. Githae alikuwa na programu ya kuzitafuta. Aliandika neno cherehani, akangoja, akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta.

Kwenye tovuti ya shule moja ya ushonaji huko Kilifi kulikuwa na mstari ulioandikwa: Soma pia mwongozo wa Fundi Waweru, Cherehani na Magonjwa Yake. Waliubonyeza. Haukufungua kitu. Githae aliuliza programu ni nani mwingine aliyekuwa akielekeza watu huko, na orodha ikashuka. Tovuti ishirini na mbili. Shule, parokia, vikundi vya akina mama, hata chuo kimoja cha Moshi, Tanzania. Zote zilikuwa zinawatuma watu kwenye ukurasa ambao haukuwepo tena.

"Hii ni dhahabu," Githae alisema. "Andika ukurasa kama huo, tuwaandikie wote. Ukipata hata kumi, umetoka."

Ndanu aliinamia ile orodha. "Na huyu Waweru?"

"Websaiti yake ilikufa miaka sita iliyopita. Labda aliacha kazi. Labda hata hayuko."

"Labda yuko."

Githae alimfungulia maktaba ya mtandaoni inayohifadhi nakala za kurasa za zamani, na humo wakaupata ukurasa wa Waweru jinsi ulivyokuwa. Ndanu alianza kusoma akiwa amesimama. Baadaye akavuta kiti. Wateja waliingia wakafotokopi vitambulisho wakatoka, na yeye bado anasoma. Alikuwa hajawahi kuona mtu akiandika kazi hii kwa maneno ambayo mafundi huyasema wenyewe. "Cherehani ikiruka uzi," Waweru aliandika, "usiguse kitu chochote mpaka umebadilisha sindano. Watu wengi wamefungua mashini nzima kwa sababu ya sindano iliyopinda, na wakashindwa kuifunga." Mwisho kabisa palikuwa na jina: Fundi J. Waweru, Thika.

"Siandiki kitu mpaka nimpate," Ndanu alisema.

"Mama Lynn, huvunji sheria yoyote. Ukurasa umekufa, nafasi iko wazi."

"Sijasema ni sheria. Lakini hawa watu hawakuweka linki kwa sababu ya cherehani. Waliweka kwa sababu ya huyu mzee. Siwezi kuketi kwa kiti chake bila kumsalimia."

Githae alimtazama, akafunga kompyuta. "Basi anzia kwa Farouk."

Farouk aliuza vipuri vya cherehani mjini Thika, katika duka jembamba lenye droo za mbao mpaka darini, kila droo na bobini au sindano yake. Baba yake alikuwa na duka hilo kabla yake. Ndanu alipotaja jina tu, Farouk aliweka kando kikombe chake.

"Waweru wa mkono wa kushoto? Huyo alikuwa ananunua sindano moja moja, kila moja anaiinua kwa mwanga kwanza. Yuko, mama. Alipata kiharusi, mkono huo huo ukalegea, akauza vifaa vyake vyote. Anakaa Ngoingwa. Nilienda kumwona mara moja akaniambia nisimletee habari za cherehani." Alichora njia kwenye karatasi ya kufungia sindano. "Nenda tu. Lakini usianze na cherehani."

Siku ya pili Ndanu alipanda boda boda mpaka Ngoingwa, akashuka mbele ya nyumba ya mawe yenye geti la kijani. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi, mke wa Waweru, jina lake Ngina. Alimtazama Ndanu na mfuko wake.

"Kama ni sabuni, tunayo."

"Siuzi kitu, mama. Nimekuja kumsalimia mzee. Mimi ni Ndanu Makau, natoka Kimbo."

Waweru alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alikaa mbele ya televisheni isiyo na sauti, mkono wa kushoto juu ya mto. Alimsalimia kwa heshima, akamuuliza kuhusu mvua za Ruiru, akamuuliza Makau wake ni Makau wa wapi. Chai ikaletwa. Ndanu alijaribu kukumbuka ushauri wa Farouk, akajaribu kuzungumza juu ya mahindi, na mwisho akashindwa.

"Mzee, nimesoma ukurasa wako."

"Ukurasa gani?"

"Cherehani na Magonjwa Yake."

Waweru aligeuza uso kuelekea dirishani. "Hiyo niliandika mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. Mpwa wangu ndiye alinitengenezea. Akaenda Qatar kufanya kazi, nami nikagonjeka, mambo ya websaiti yakalala hapo. Haidhuru. Hakuna mtu alikuwa anasoma."

Ndanu alitoa karatasi aliyochapiwa na Githae. "Mzee, kuna watu ishirini na wawili mpaka leo wanawaelekeza wanafunzi wao kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwa ule ukurasa. Haufunguki, lakini hawajaliondoa jina lako."

Mzee alinyoosha mkono wa kulia, akaichukua karatasi, akairudisha. "Sina miwani. Nisomee hizo linki."

Ndanu akasoma. Shule ya ushonaji ya Kilifi. Kikundi cha akina mama cha Makueni. Parokia moja ya Meru. Chuo cha ufundi cha Moshi. Kituo cha vijana cha Kakamega. Alipofika jina la sita, Waweru aliinua kidole.

"Anza tena. Polepole."

Ngina alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alikwenda akazima televisheni, akaketi. Ndanu alisoma majina yote ishirini na mawili. Kisha Ngina akasema, "Na wewe uliniambia ile ilikuwa kupoteza wakati."

"Ni wewe ulisema hivyo," Waweru alijibu.

"Labda," Ngina alisema, na wote wawili wakacheka, kicheko cha watu waliozoeana mno, mpaka mzee akafuta macho kwa kiganja.

Ndanu alimweleza alichotaka. Aliomba ukurasa urudi hewani ndani ya tovuti yake, jina la Waweru likiwa juu, na wale wote waandikiwe kwamba umehamia huko. Hakuficha kwamba naye angefaidika. Linki zile zingeipandisha kazi yake. Waweru alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni fundi kweli, ama ni fundi wa websaiti?"

"Niulize."

"Mashini inashona mbele vizuri. Ikirudi nyuma, inakata uzi. Unaanzia wapi?"

"Sindano. Ikiwa ni nzima, naangalia tundu la sahani iliyo chini yake, kama lina mkwaruzo upande wa nyuma."

"Na kama halina?"

"Naangalia kama ndoana inafika kwa sindano kwa wakati wake."

Waweru alitikisa kichwa taratibu kukubali, akamgeukia mkewe. "Mwongezee chai huyu. Halafu uniletee yale madaftari yaliyo chini ya kitanda."

Madaftari yalikuwa manne. Ukurasa ule wa zamani ulikuwa sehemu ndogo tu. Yaliyobaki, miaka thelathini ya mashini alizozifungua, hayakuwahi kuonwa na mtu. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi Ndanu alifunga kazi saa sita akaenda Ngoingwa na cherehani moja kwenye boda boda. Mzee alisema, Ndanu akaandika. Picha za kila hatua zilipigwa na Ngina kwa simu, na mikono iliyoonekana ilikuwa ya Ndanu, kwa sababu mkono wa Waweru haukutii.

"Weka kidole hapo," mzee alikuwa akisema. "Hapana, kile kingine. Mbona unashika bisibisi kama kijiko?"

Walibishana pia. Waweru alikuwa ameandika kwamba mafuta yawekwe kila wiki. Ndanu akasema hilo ni la mashini za zamani, hizi za sasa zikiwekwa mafuta mengi huchafua vitambaa. Mzee alikataa wiki mbili. Wiki ya tatu alisema, kama mtu aliyeligundua mwenyewe, "Hapo pa mafuta, nadhani tupabadilishe."

Ukurasa ulipokamilika, Ndanu aliandika barua ishirini na mbili. Githae alimpa mfano mfupi wa kibiashara, yeye akauweka kando. Aliandika: "Habari zenu. Mimi ni Ndanu, fundi wa cherehani, Ruiru. Kwenye tovuti yenu kuna linki ya Fundi Waweru ambayo haifunguki tena. Napenda mjue kwamba mzee yuko hai, yuko Thika, na ameuandika upya ukurasa wake. Sasa uko hapa. Asanteni kwa kutoliondoa jina lake." Chini aliweka picha ya Waweru ameketi nyuma ya cherehani, amekunja uso kwa sababu ya jua.

"Ni ndefu," Githae alisema.

"Tuma."

Jibu la kwanza lilikuja kabla saa mbili hazijapita, kutoka kwa Mwanarusi, mwalimu wa ile shule ya Kilifi.

"Dada Ndanu," aliandika, "nifikishie shikamoo yangu kwa mzee. Mimi nilijifunza kutengeneza cherehani kwa ukurasa ule nilipokuwa mwanafunzi hapa hapa. Ulipotoweka tulidhani ametangulia mbele ya haki. Niliambiwa niifute linki, lakini kila nikitaka kuifuta nilishindwa. Leo nimeibadilisha kwa mkono wangu, na darasa zima limesoma."

Ndanu aliisoma barua hiyo kwa simu kwa Waweru. Aliyejibu alikuwa Ngina, akasema, "Subiri kidogo, anatafuta kitambaa."

Kufikia mwisho wa mwezi, kumi na saba kati ya wale ishirini na wawili walikuwa wamebadilisha linki. Halafu likatokea jambo ambalo hata Githae hakulipanga. Watu ambao hawakuandikiwa barua yoyote walianza kuweka linki wenyewe: kikundi cha washonaji wa Migori, duka la vitambaa la Nakuru, mwalimu wa shule ya wasichana aliyesema anafundishia picha zile. Chuo cha Moshi kiliomba ruhusa ya kuchapisha ukurasa mzima na kuubandika ukutani kwenye karakana.

Asubuhi moja Githae alipiga simu. "Mama Lynn, hebu tafuta 'cherehani inaruka uzi'."

Ndanu alipangusa mafuta kwenye vidole, akaandika. Jina la kwanza lililotokea lilikuwa la Waweru, ndani ya tovuti yake. Alishuka chini kuhakikisha hakuna aliye juu yao, akapanda tena. Kisha akatafuta "fundi wa cherehani Kiambu", akajiona wa pili. Alitoka nje akasimama kwenye mwanga, akamwonyesha mwanamke wa duka la jirani, akamwonyesha na dereva wa boda boda aliyekuwa akingoja abiria na ambaye hakuelewa kitu lakini alimpongeza.

Simu zikaanza kulia. Mshonaji wa Gatongora alileta mashini tano kwa mkokoteni. Wengine walipiga kutoka Voi na Kitale, mbali mno wasiweze kuja, nao aliwaelekeza kwa simu mpaka mashini zikasikika zikikimbia upande wa pili. Kazi ilipomzidi, alimtafuta Kaveke, aliyekuwa akikaa meza ya jirani naye kule kiwandani, ambaye sasa aliuza mitumba bila kuipenda. Kaveke alikuja siku ya kwanza na aproni yake ya kiwanda, imefuliwa na kupigwa pasi.

Mwezi wa Agosti Mwanarusi alikuwa na safari ya Nairobi, akasema hawezi kupita karibu hivyo bila kumwona mzee. Ndanu alieneza habari kwamba siku hiyo, Jumamosi, Fundi Waweru angekuwa Kimbo. Alitegemea watu watano. Walikuja kumi na tisa, wengine na cherehani zao, wakajaa chumbani mpaka nje kwenye viti vya kuazima. Farouk alifika kutoka Thika na boksi la sindano. Waweru, aliyekuwa hajatoka Ngoingwa ila kwenda kliniki na kanisani, alishuka kwenye gari la Githae akiwa amevaa koti la suti.

Mwanarusi alimsogelea, akainama kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

Waweru alisita. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyekataa kufuta?"

"Ndimi."

"Ulifanya vizuri. Sasa keti hapa mbele, kuna mahali kwa ukurasa wa zamani nilikudanganya kuhusu mafuta."

Alianza kufundisha saa nne asubuhi, akisema nusu saa ingetosha. Ndanu alikuwa mikono yake, Kaveke akashika taa, Mwanarusi akaandika. Kila swali moja lilizaa lingine. Walifungua mashini saba, wakazifunga zote, na moja ambayo mwenyewe alikuwa ameileta kama chuma chakavu ilishona mstari ulionyooka mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Saa tisa Ngina alipiga simu kuuliza mzee amekula nini. Saa kumi akapiga tena, kuuliza anarudi lini.

Ndanu alimsogezea mzee simu. Waweru hakuinua macho kutoka kwenye mashini.

"Mwambie niko kazini," alisema.